Kompyuta Mseto na Mnunuzi wa Kawajense

Kompyuta mseto ni mashine inayounganisha kompyuta mpakato na kishikwambi katika umbo moja: ina kibodi ya kuandikia kwa vidole kumi, lakini kioo chake hupokea mguso wa kidole na, katika nyingi, maandishi ya kalamu ya kidijitali, kiasi kwamba mtumiaji anaweza kuiweka mezani akaandika barua ya kikazi na baadaye kuishika mkononi akajaza fomu akiwa amesimama shambani. Mashine za namna hii zilianza kuenea duniani mwaka 2012, Microsoft ilipotoa Windows 8 pamoja na Surface ya kwanza na Lenovo ilipoleta Yoga, na sasa zinapatikana Kariakoo zikiwa mpya au zikiwa zimetumika, nyingi za hizo za pili zikiwa zimepitia Dubai. Kwa mkazi wa Kawajense, kata ya Manispaa ya Mpanda iliyo mbali na Dar es Salaam kwa safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, jambo la kuuliza kwanza ni kama mashine itaendelea kufanya kazi katika mwaka wake wa nne, ikiwa imepitia vumbi la kiangazi, joto la Oktoba na umeme unaokatika, huku karakana ya mtengenezaji ikiwa haipo karibu. Kasi, ambayo matangazo huiweka mbele, huja baadaye, kwa sababu karibu kila mashine inayouzwa leo ina kasi ya kutosha kwa kazi za kawaida za ofisi na shule. Ni busara basi kuanza na sehemu zisizoweza kubadilishwa baada ya kununua, kisha zile zinazoharibika mapema.

Kuna wanaoitamani kompyuta mseto ilhali kishikwambi cha kawaida kingewatosha. Watanzania wengi walikizoea kifaa hicho kupitia Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, ambapo makarani walikitumia kukusanya taarifa za kaya, na baadaye Serikali ikavielekeza vishikwambi hivyo kwa walimu. Anayehitaji kusoma vitabu vya kidijitali, kupiga picha za nyaraka, kuwasiliana na kujaza fomu fupi hana sababu ya kulipa mara tatu kwa ajili ya Windows. Hata mifumo ya Serikali inayotumika kwa kivinjari, kama PEPMIS ya tathmini ya watumishi wa umma na NeST ya ununuzi wa umma, haidai mashine yenye nguvu. Inadai kioo kinachoonyesha jedwali zima, kibodi nzuri na mtandao usiokatika. Kompyuta mseto hustahili gharama yake pale ambapo kazi mbili hukutana kwa mtu mmoja, kama mwalimu anayetunga mtihani wenye michoro na kusahihisha kwa kalamu, karani wa chama cha ushirika (AMCOS) cha tumbaku anayepokea mzigo wa wakulima na kuandaa hesabu jioni, au afisa nyuki anayekwenda porini upande wa Inyonga na kurudi kuandika ripoti.

Mseto umegawanyika katika koo mbili, na uamuzi kati yao ni mzito kuliko uamuzi wowote wa chapa. Ukoo wa kwanza ni wa kibodi inayochomoka, ambamo prosesa, memori na betri vyote vimewekwa nyuma ya kioo, na kibodi ni jalada jembamba linaloshikana kwa sumaku. Mashine hizo ni nyepesi mkononi, mara nyingi chini ya kilo moja bila kibodi, lakini husimama kwa mguu wa nyuma unaohitaji meza, huyumba zikiwekwa mapajani, na kibodi yake mara nyingi huuzwa peke yake, jambo ambalo mnunuzi huligundua akiwa tayari amekwisha kulipa. Ukoo wa pili ni wa kioo kinachozungushwa kwa bawaba hadi digrii 360, kama Lenovo ThinkPad X1 Yoga na HP EliteBook x360, ambamo viungo vikuu viko chini ya kibodi kama katika kompyuta mpakato ya kawaida. Uzito wake hufika kilo moja na robo au zaidi, hivyo mkono huchoka mapema ikishikwa kama kishikwambi. Lakini hukaa imara popote, na kifuniko chake cha chini hufunguliwa kwa skrubu.

Skrubu hizo ndizo zinazoelekeza hukumu ya makala haya. Fundi wa Mpanda aliyezoea kompyuta za kawaida anaweza kufungua mashine ya bawaba, akafuta vumbi kwenye feni na akabadilisha betri bila kugusa kioo. Katika nyingi za zile za kibodi inayochomoka, njia pekee ya kuingia ndani ni kukipasha moto kioo ili gundi ilainike, kisha kukiinua polepole, na kioo kikipasuka katika kazi hiyo gharama yake hukaribia nusu ya thamani ya mashine au kuizidi. Zaidi ya hayo, betri ikizeeka na kuvimba huanza kukisukuma kioo chenyewe kutoka ndani. Kwa hiyo mwalimu, karani na mwanafunzi wanafaa kuegemea upande wa bawaba, na mashine ya kuchomoka ibaki kwa yule ambaye kazi yake kweli hufanyika akiwa amesimama, naye ajue kwamba ananunua kitu ambacho uhai wake huishia pale betri inapoishia.

Memori ya muda, inayofahamika kwa kifupi cha RAM, ni mahali ambapo programu zilizofunguliwa hukaa wakati zinatumika, na yaliyomo hufutika mashine ikizimwa, tofauti na hifadhi, ambayo hutunza mafaili daima. Katika kompyuta za mezani mtu hununua memori ndogo leo na kuongeza kipande kingine mwakani, lakini katika kompyuta mseto nyingi memori imelehemewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, na kiasi kilichonunuliwa siku ya kwanza hakiongezeki tena. Windows 11 inakubali kuwekwa kwenye mashine yenye GB 4 za memori, na muuzaji atakitaja kiwango hicho kama uthibitisho kwamba zinatosha. Hazitoshi. Mfumo wenyewe ukishachukua sehemu yake, kivinjari chenye kurasa kadhaa na jedwali moja la hesabu hujaza kilichobaki, na mashine huanza kuazima nafasi kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole zaidi, hadi kila kitufe kinachobonyezwa kisubiriwe. GB 8 zichukuliwe kuwa sakafu isiyojadiliwa, na mwanafunzi wa Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, anayetarajia kuchora ramani kwa programu kama QGIS, atafute GB 16 hata kama italazimu achukue prosesa ya ngazi ya chini kidogo.

Hifadhi nayo ina tabaka mbili ambazo kwa nje hazionekani. Aina iitwayo eMMC ni chipu ya jamii ileile inayowekwa kwenye simu za bei nafuu, imelehemewa, na kasi yake ni ndogo mara kadhaa kuliko ile ya SSD ya aina ya NVMe, ambayo katika mashine nyingi hukaa kwenye tundu lake na huweza kutolewa. Surface Go ya mwaka 2018 ni mfano mzuri wa mtego huu, kwa kuwa ilitoka katika matoleo yanayofanana kabisa kwa sura, moja likiwa na GB 4 za memori na GB 64 za eMMC, lingine likiwa na GB 8 na SSD ya GB 128. Mashine ya GB 64 hujazwa na masasisho ya Windows yenyewe ndani ya muda mfupi, na kadi ya microSD, ingawa huhifadhi picha na nyaraka vizuri, haiponyi tatizo hilo. Uwezo wa kuitoa SSD una faida nyingine ambayo wachache huifikiria: madabodi ikiungua kwa umeme, mafaili ya miaka mitatu huweza kuokolewa kwa kuihamishia SSD kwenye mashine nyingine, ilhali hifadhi iliyolehemewa mara nyingi hufa pamoja na mashine. Katika ukoo wa Surface Pro, zile za mwaka 2021, yaani Pro 7+ na Pro 8, zina kidirisha kidogo cha kuitolea SSD. Watangulizi wake wa kawaida hadi Pro 7 hawana.

Kuhusu prosesa, ambayo ni kiungo kinachofanya hesabu zote za kompyuta, jambo la kuangalia ni kizazi kuliko daraja. Muuzaji husema kwa fahari kwamba mashine ni Core i7, wakati i7 ya kizazi cha sita ni ya zama za mwaka 2015 na huenda ikazidiwa na i3 iliyotoka miaka mitano baadaye. Kizazi husomwa kwenye namba inayofuata jina: katika i5-8250U, tarakimu ya 8 ndiyo kizazi, na katika i5-1035G4 kizazi ni cha 10. Umuhimu wake ni wa kiusalama, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 hukubali rasmi mashine za kuanzia kizazi cha nane zenye chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0. Hivyo Surface Pro 4 ya mwaka 2015 na Surface Pro ya mwaka 2017, ambazo ni za bei ya kuvutia sana, ziko nje ya mstari huo. Mafundi wanajua njia za kuilazimisha Windows 11 iingie, lakini mashine iliyolazimishwa haina uhakika wa kuendelea kupata masasisho, na haifai kutunza hesabu za chama au alama za wanafunzi. Mwenye ujuzi anaweza kuweka Linux, ila kwenye baadhi ya mashine hizo mguso na kalamu havifanyi kazi vizuri mpaka mfumo urekebishwe kwa namna maalumu.

Zipo pia mashine zenye prosesa za jamii ya ARM, ambayo ndiyo jamii ya prosesa za simu, na miongoni mwake zile za Snapdragon X za kuanzia mwaka 2024 zina sifa ya kutumia umeme kidogo. Programu nyingi za kawaida za Windows huendeshwa humo kwa kutafsiriwa, lakini programu ndogo zinazoendesha vifaa vya nje, kama printa za zamani na baadhi ya mashine za kutolea risiti, lazima ziwe zimeandikwa kwa ajili ya ARM. Mwenye duka anayetegemea printa ya miaka kumi iliyopita anapaswa kuijaribu kabla ya kutoa fedha, au aziepuke mashine hizo kabisa.

Umeme unastahili kupimwa kwa makini kuliko yote yaliyotangulia. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea mitambo ya dizeli ya TANESCO iliyokuwa nje ya Gridi ya Taifa, kabla ya kujengwa kwa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga, na kaya nyingi zimebaki na mazoea ya kuwa na paneli ya jua na betri ya volti 12 pembeni. Uwezo wa betri ya kompyuta hupimwa kwa wati-saa, na namba hiyo huchapishwa kwenye mgongo wa betri au kwenye maelezo ya mtengenezaji. Mashine yenye betri ya wati-saa 45 inayotumia wastani wa wati 7 katika kuandika, mwanga wa kioo ukiwa wa kati, hudumu takriban saa sita na nusu. Betri hiyo ikichakaa hadi asilimia 70 ya uwezo wake, saa hizo hushuka hadi nne na nusu. Saa zinazotajwa kwenye boksi hupimwa kwa mwanga hafifu na kazi nyepesi, hivyo hesabu ya namna hii, ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya dukani kwa simu yake, ni ya kuaminika zaidi.

Linalofuata ni tundu la kuchajia. Mashine inayochajiwa kwa USB-C inayofuata utaratibu uitwao Power Delivery, ambamo chaja na mashine hukubaliana volti za kutumia, humwachia mwenye nayo milango mingi: chaja ya mtengenezaji mwingine yenye wati 45 au 65 itafaa, betri ya mkononi yenye uwezo huo itafaa, na chaja ya gari iliyounganishwa kwenye betri ya volti 12 ya sola itafaa bila kupitia inveta. Kuikwepa inveta kuna maana, kwa sababu inveta hugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230 na chaja huurudisha tena chini, na kila mgeuzo hupoteza sehemu ya umeme kama joto. Kujaza betri ya wati-saa 45 kunahitaji wati-saa kama 60 hivi pamoja na upotevu, kiasi ambacho paneli ya wati 100 hukitoa katika sehemu ya siku moja yenye jua. Chaja yenye tundu la pekee, kama la sumaku la Surface za zamani, ikiungua Kawajense humlazimu mtu aagize nyingine kutoka mbali. Katika ukoo wa Surface Pro, USB-C ilianza kuwekwa kwenye Pro 7 ya mwaka 2019, na hiyo ni sababu tosha ya kutonunua Pro 6 ingawa inapokea Windows 11.

Betri za lithiamu huchakaa haraka zinapokaa zimejaa kabisa huku zikiwa na joto, na hali hizo mbili ndizo hali ya kawaida ya mashine iliyoachwa kwenye chaja mchana kutwa chini ya bati mwezi wa Oktoba. Mashine nyingi zina mpangilio wa kuzuia kuchaji kusizidi asilimia 80, nao unafaa kuwashwa siku ya kwanza. Joto na vumbi pia huamua suala la feni. Mashine zisizo na feni, kama zile zenye prosesa za wati chache mfano wa Intel N100, hazivuti vumbi ndani na hazitoi sauti. Hupunguza kasi zikipata joto, lakini kwa kuandika na kujaza fomu upungufu huo hauonekani. Mwenye mashine ya feni apange kuisafisha kila kiangazi kinapokwisha, kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Mwanga wa kioo hupimwa kwa kipimo cha niti. Niti 250 hadi 300 hutosha ndani ya nyumba, lakini barazani au shambani kioo hicho huwa kama cha giza, na anayefanya kazi nje atafute 400 au zaidi. Kioo cha uwiano wa 3 kwa 2 huonyesha ukurasa wa A4 vizuri kuliko kile kirefu cha 16 kwa 9. Si kalamu zote zinazoingiliana baina ya watengenezaji, hivyo kalamu inapaswa kujaribiwa juu ya mashine ileile inayonunuliwa. Kalamu nyingi za zamani za Surface zilitumia betri ndogo ya aina ya AAAA, ambayo haipatikani kirahisi kwenye duka la mtaa, ilhali kalamu ya X1 Yoga huchomekwa ndani ya mwili wa mashine na kuchajiwa humohumo, mpango unaofaa zaidi kwa mtu aliye mbali na mji mkubwa.

Kamera hazihitaji kuumiza kichwa. Matundu yanahitaji: projekta nyingi za shule na kumbi bado hutumia VGA au HDMI, kwa hiyo bei ya adapta ihesabiwe ndani ya bei ya mashine. Nafasi ya laini ya simu huongeza gharama, na simu yenye kifurushi hufanya kazi hiyohiyo kwa kugawa mtandao, isipokuwa kwa mtu anayezunguka siku nzima na hataki kumaliza chaji ya simu. Mashine yenye nafasi ya laini huwa na namba ya utambulisho ya IMEI, ambayo huweza kuhakikiwa kwa kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, utaratibu wa TCRA uliopata umaarufu Juni 2016 simu bandia zilipozimwa nchini.

Mashine iliyotumika huuzwa ikiwa imesafishwa na kung'arishwa, na macho pekee hayatoshi kuihukumu. Kwenye dirisha la amri la Windows huandikwa powercfg /batteryreport, na mashine hutengeneza ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilionao sasa. Ikiwa wa kwanza ni 45,000 na wa pili ni 30,000, betri imebaki na theluthi mbili, na bei inapaswa kushuka kwa gharama ya betri mpya. Mguso hupimwa kwa kufungua programu ya kuchorea na kupitisha kidole kwa mistari iliyokaribiana kutoka ukingo hadi ukingo, kwani mahali mstari unapokatika ndipo kioo kimekufa. Bawaba ifunguliwe na kufungwa polepole huku sikio likiwa karibu, na kioo kisitikisike kinapoachwa wima.

Jaribio ambalo wauzaji hulikwepa ni la kuirudisha mashine katika hali ya kiwandani mbele ya mnunuzi, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Mashine nyingi zilizotumika zilikuwa mali ya kampuni za ng'ambo, na baadhi zimebaki zimesajiliwa kwenye mifumo ya kampuni hizo, kiasi kwamba siku zitakapofutwa na kuwashwa upya zitadai anwani na nywila ya mfanyakazi wa kampuni ambayo mnunuzi haijui, na hakuna fundi wa mtaani atakayeuondoa usajili huo kwa njia halali. Muuzaji akisema kwamba hana muda wa jaribio hilo, mnunuzi ana haki ya kuhamia duka linalofuata. Vilevile mashine izimwe na kuwashwa ili kuona kama kuna nywila inayodaiwa kabla Windows haijaanza, kwa kuwa kufuli hilo liko kwenye madabodi yenyewe na halifutiki kwa kuweka Windows upya.

Malipo yafanyike kwa risiti ya EFD inayotaja jina kamili la toleo, kiasi cha memori, aina ya hifadhi na namba ya utambulisho wa mashine, kwa sababu risiti inayosema tu kwamba kompyuta moja imeuzwa haimsaidii mtu akigundua baadaye kuwa amepewa eMMC mahali pa SSD. Dhamana ya mtengenezaji iliyotolewa Dubai au Ulaya huenda isitambulike Tanzania, na dhamana ya duka mara nyingi ni ya siku au wiki chache. Anayeagiza kupitia ndugu au wakala aliye Dar es Salaam amwombe aisafirishe mashine ikiwa mkononi mwa msafiri, si ndani ya buti ya basi, na akubaliane na muuzaji, kwa maandishi juu ya risiti hiyohiyo, kwamba siku za dhamana zitahesabiwa kuanzia tarehe mashine itakapopokelewa Mpanda.